Deni la Watu wa Devon

Mwaka 1788 mtu mmoja aitwaye Russell alifika mbele ya mahakama ya mfalme wa Uingereza akiwa na malalamiko yanayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupita barabara mbovu. Gari lake la kukokotwa lilikuwa limeharibika kwenye daraja la kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa nchi, kwa sababu daraja hilo halikutengenezwa. Kulitengeneza kulikuwa wajibu wa wakazi wa kaunti. Basi Russell akawashtaki wao: watu wakaao Devon, wote kwa jumla, mkulima, mhunzi na mvuvi. Wakajitokeza wawili kujibu kwa niaba yao wenyewe na ya wenzao wote.

Ukiisoma haraka utacheka. Lakini Jaji Mkuu, Lord Kenyon, hakucheka. Aliuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, halijapata jibu la kuridhisha mpaka leo: Russell akishinda, alipwe kutoka mfuko gani? Kaunti haikuwa na hazina. Ingebidi mali ya mtu mmoja au wawili ikamatwe, nao wasiwe na njia ya kuwadai wenzao sehemu yao. Tena wakazi hubadilika. Aliyehamia Devon juzi angelipia ubovu wa daraja ambalo hakuwahi kuliona, na aliyehama angekwepa. Jaji mwenzake, Ashhurst, akaongeza hoja ambayo wanasheria wameikariri tangu siku hiyo, kwamba ni afadhali mtu mmoja apate hasara kuliko umma kupata usumbufu. Russell akarudi kwao mikono mitupu.

Si kwamba Waingereza hawakujua namna ya kuwatoza watu kwa pamoja. Tangu 1285, kwa Sheria ya Winchester, mtu akiporwa njiani na wakazi wa tarafa ile wasimtoe mwizi, tarafa nzima ilimlipa. Sheria ya Ghasia ya 1714 ikafanya vivyo hivyo kwa nyumba zilizobomolewa na makundi ya wafanya fujo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na walilipishwa wote. Sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu mantiki hiyo katika sura yake katili zaidi. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Kenya ilitunga sheria ya adhabu ya jumla iliyoruhusu jamii nzima itozwe faini kwa kosa la wachache, na miaka ya vita vya Mau Mau mifugo ya watu wasioshtakiwa kwa lolote iliswagwa kwa mantiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo zamani palikuwa na njia mbili tu. Ama umma haulipi kabisa, aliyeumia afe na lake, au umma unalipa kama mkosaji. Njia tunayoishi nayo leo, ambapo umma unalipa bila kuitwa mkosaji na mkosaji halipi, ilichukua muda mrefu kutengenezwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Marekani, na mahali pazuri pa kuifuatilia ni jimbo la Illinois, hasa mji wa Chicago.

Kesi ya Devon ilivuka bahari mapema. Mwaka 1812 mahakama ya Massachusetts iliitumia kumnyima fidia mtu ambaye farasi wake alikufa kwa ubovu wa daraja la mji wa Leicester. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Hoja nzito ya Lord Kenyon ilikuwa kwamba Devon haikuwa na mfuko. Miji ya Massachusetts ilikuwa nao. Sababu ilikufa njiani baharini, kanuni ikafika salama, ikaoa na kuzaa. Kwa zaidi ya miaka mia moja majimbo mengi ya Marekani yaliziepusha halmashauri na wilaya za shule na madai ya namna hii, huku watu wengi wakidhani kinga hiyo imetoka moja kwa moja katika ule msemo kwamba mfalme hakosei, ingawa nchi yao ilizaliwa kwa kumkana mfalme.

Mara moja tu katika karne ya 19 Bunge la Marekani lilikaribia kuigeuza kanuni hiyo kwa nchi nzima. Ilikuwa 1871. Ku Klux Klan walikuwa wakiwaua na kuwachapa watu Weusi waliotoka utumwani, na masherifu wa Kusini ama walitazama kando ama walikuwa wenyewe ndani ya kanzu nyeupe. Seneta John Sherman wa Ohio alipendekeza kifungu ambacho tarafa za mwaka 1285 zingekitambua mara moja: kundi likimdhuru mtu kwa sababu ya rangi yake, kaunti au mji ulipe. Kikakataliwa. Wabunge walisema serikali ya taifa haina mamlaka ya kuzibebesha halmashauri mzigo huo. Sheria iliyopita mwezi Aprili mwaka huo iliruhusu kumshtaki "mtu yeyote" aliyetumia mamlaka ya jimbo kumnyima mwingine haki zake za kikatiba. Mtu. Kama mji nao ni mtu au la, hilo liliachwa, na sheria yenyewe ikalala karibu miaka 90.

Mwaka 1958 mambo mawili yalitokea Illinois, umbali mfupi tu kati yake, na hayakuhusiana hata kidogo.

La kwanza lilikuwa ajali. Basi la shule la wilaya ya Kaneland, magharibi mwa Chicago, liliacha barabara, likagonga kalvati, likalipuka na kuwaka moto likiwa na watoto ndani. Baba wa mtoto mmoja aliyeungua alidai fidia kwa niaba ya mwanawe. Wilaya haikusema kwamba dereva hakuzembea. Ilisema kwamba wilaya za shule haziwezi kushtakiwa, na kwamba fedha za shule ni za elimu, si za kulipia ajali. Mahakama ya Juu ya Illinois ilijibu mwaka 1959. Ilirudi nyuma mpaka kwenye gari la Russell, ikaeleza jinsi kanuni ilivyobebwa bila sababu yake, kisha ikauliza kwa nini gharama ya ajali ya basi la umma ibebwe na mtoto mmoja aliyeungua badala ya kugawanywa kwa jamii nzima inayonufaika na basi hilo, jamii ambayo ina uwezo hata wa kukata bima. Kinga ikafutwa. Kwa wengine wote kanuni mpya ingeanza siku za mbele, ili wilaya zijiandae. Mtoto yule pekee akaruhusiwa kuendelea na dai lake.

Naona hukumu ile ni miongoni mwa maandishi ya kiutu kabisa katika historia ya sheria za serikali za mitaa. Yeyote anayelalamika kwamba walipakodi wanabebeshwa madeni yasiyo yao aanze kwa kumjibu mtoto yule.

La pili halikuwa ajali. Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba, kabla ya saa 12, polisi 13 wa Chicago wakiongozwa na afisa wa upelelezi Frank Pape walivunja na kuingia nyumbani kwa James Monroe, mtu Mweusi, bila hati ya mahakama. Wakamtoa kitandani yeye na mkewe, wakawasimamisha sebuleni uchi huku watoto wao wakiwa ndani ya nyumba, wakapekua kila chumba, wakamwaga droo na kuchana magodoro. Walikuwa wakitafuta muuaji. Monroe alipelekwa kituoni akakaa saa 10 bila kufikishwa kwa hakimu, bila kuruhusiwa kumpigia simu wakili wala ndugu, kisha akaachiwa bila shtaka.

Mawakili wake waliifukua ile sheria ya 1871. Walimshtaki Pape na wenzake, na pia mji wa Chicago. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakubalia nusu. Polisi waliweza kushtakiwa, na kwa uamuzi huo mlango ukafunguka ambao maelfu wameupitia baadaye. Lakini mji ukaondolewa. Majaji walitazama kifungu cha Sherman kilichokataliwa miaka 90 nyuma, wakasema Bunge lile halikutaka miji ilipe.

Fikiria maana yake. Ukipigwa na polisi, unamdai polisi, na polisi ana mshahara wa polisi. Sheria ilikupa haki ambayo haikuwa na pochi. Miji nayo ikabaki na tatizo la upande wa pili, kwa maana ni nani atakubali kuvaa sare akijua kosa moja la usiku linaweza kumfilisi na watoto wake? Vyama vya polisi viliuliza hivyo, kwa haki kabisa, na mabunge ya majimbo yakasikiliza. Illinois ilitunga mwaka 1965 sheria ya kinga za serikali za mitaa. Jina linasema kinga, na kinga zimo nyingi. Ndani yake, hata hivyo, mna kifungu kinachoielekeza serikali ya mtaa ilipe hukumu ya fidia iliyotolewa dhidi yake, na kama sheria inavyosomeka leo, hata dhidi ya mfanyakazi wake aliyetenda akiwa kazini. Mna kingine kinachoruhusu kutoza kodi ya majengo kwa ajili hiyo. Mzunguko ukakamilika kimyakimya, bila hotuba. Mkosaji ni mtu, hukumu ina jina lake, hundi inatoka manispaa, na manispaa huipata kwa mwenye nyumba.

Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikabadilisha mawazo. Kesi ilitoka New York, kwa wafanyakazi wanawake waliolazimishwa kuchukua likizo ya uzazi bila malipo kabla afya zao hazijahitaji. Majaji waliusoma upya mjadala wa 1871, wakasema mji nao ni "mtu" na unaweza kushtakiwa, lakini kwa sera yake au desturi yake tu, si kwa sababu tu ya kumwajiri mkosaji. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya mji wa Newport, Rhode Island, uliovunja mkataba wa tamasha la muziki, mahakama iliongeza kwamba mji hauwezi kutozwa fidia ya kuadhibu. Sababu? Adhabu ingewaangukia walipakodi ambao hawakutenda lolote. Ni yule mtu wa Lord Kenyon aliyehamia Devon juzi, amerudi akiwa na anwani ya Marekani. Mahakama ilimhurumia kwa fidia ya adhabu tu. Fidia ya kawaida ataendelea kulipa.

Na analipa kweli. Profesa Joanna Schwartz wa chuo kikuu cha UCLA alikusanya takwimu za mashirika makubwa ya polisi Marekani kuanzia 2006 hadi 2011. Katika fedha zote walizolipwa raia walioshinda au kusuluhisha kesi za haki za kiraia, serikali zilitoa asilimia 99.98. Polisi wenyewe walichangia chochote katika asilimia 0.41 tu ya kesi hizo. Ukitoa dola 10,000, mbili zimetoka mfukoni mwa polisi.

Sasa turudi Chicago, maana takwimu haina sura.

Kuanzia 1972 mpaka 1991, afisa wa polisi Jon Burge na vijana wake, upande wa kusini wa mji, waliwatesa zaidi ya watu 100, karibu wote Weusi, ili wakiri makosa. Waliwapiga shoti za umeme. Waliwabana pumzi kwa mifuko ya plastiki. Wengine walihukumiwa kifo kwa maneno waliyoyatamka katika hali hiyo. Burge alifukuzwa kazi 1993. Muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ukapita, na kama mambo yangeishia kwenye jinai pekee, angekufa bila kuona jela. Kilichomnasa ni kesi ya madai. Mwaka 2003, akijibu kwa maandishi maswali ya mawakili wa mmoja wa wale aliowatesa, aliapa kwamba hakuwahi kumtesa mtu. Uongo huo ulimfikisha mahakamani 2010, akafungwa miaka minne na nusu. Pensheni yake ya polisi aliendelea kuipokea, kwa kuwa bodi ya pensheni iligawanyika nne kwa nne, na sare ikamwachia.

Mji ulilipa. Uliwalipa mawakili binafsi wa kumtetea Burge, mwaka baada ya mwaka. Ulilipa dola milioni 19.8 kwa wanaume wanne waliokuwa wakisubiri kunyongwa na ambao gavana aliwasamehe Januari 2003. Ukijumlisha fidia, suluhu na mawakili, kashfa ya Burge peke yake iliwagharimu walipakodi zaidi ya dola milioni 100. Na walipakodi ni akina nani? Ni pamoja na mama mwenye nyumba upande uleule wa kusini ambaye mwanawe alikuwa chini ya ule mfuko wa plastiki. Kodi yake ya nyumba ilikuwa na sehemu ya fidia ya mwanawe, sehemu ya ada ya wakili wa mtesaji, na sehemu ya pensheni ya mtesaji. Hapa kicheko cha Devon hukauka.

Lakini hata hiyo si gharama yote. Kwa miaka mingi Chicago haikulipa fidia kwa fedha taslimu. Ilikopa. Kati ya 2010 na 2017 iliuza hatifungani za zaidi ya dola milioni 700 kugharimia hukumu na suluhu, na riba itakayolipwa kwa miongo inauzidi mkopo wenyewe. Kwa maneno mengine, mtoto aliyezaliwa Chicago jana atalipia kipigo kilichotolewa kabla wazazi wake hawajakutana, na zaidi ya nusu ya atakachotoa itakwenda kwa wawekezaji, si kwa aliyepigwa. Meya aliyekopa hukumbukwa kwa kutopandisha kodi.

Watu husema: basi polisi walipe wenyewe. Naelewa hasira hiyo, ila siiamini. Siku utakapofanya hivyo utamrudisha Monroe pale alipokuwa 1961, na hukumu nzuri dhidi ya mtu asiye na kitu. Wengine husema fidia ziwekewe kikomo, na hao wamrudie mtoto wa Kaneland. Mimi naona tatizo haliko kwenye swali la nani analipa. Liko kwenye nani anaiona bili. Katika miji mingi mikubwa fidia hutoka mfuko mkuu au mfuko wa kesi, wala haipunguzi bajeti ya polisi hata senti. Mkuu wa polisi anaweza kutumikia miaka mitano bila kuambiwa kituo gani kimeugharimu mji kiasi gani. Na suluhu nyingi huandikwa na sentensi kwamba hakuna upande unaokiri kosa.

Mahali bili inapoonekana, mambo hubadilika, wakati mwingine kwa ukali. Mji mdogo wa Maywood, California, ulikuwa ndani ya mfuko wa bima wa pamoja na miji mingine. Mwaka 2010, baada ya madai mengi dhidi ya polisi wake, bima ikaondolewa. Maywood ikavunja kikosi cha polisi, ikawaachisha kazi wafanyakazi wote wa manispaa, ikaikodi ofisi ya sherifu wa Los Angeles kufanya ulinzi. Karani wa bima alifanya kwa barua kile ambacho wapigakura hawakukifanya kwa miaka. Sijui kama nifurahi. Aliyefutwa kazi hapo ni pamoja na mfagiaji.

Kwetu ule mti wa sheria wa Kiingereza umeota matawi mengine. Kenya, Sheria ya Mashauri ya Serikali inakataza kukamata mali ya serikali ili kutekeleza hukumu, na maneno yake yanazitaja kaunti pia. Tanzania, tangu marekebisho ya 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo mtu wetu aliyeumizwa na gari la manispaa anaweza kushinda kabisa, akawa na karatasi yenye muhuri, kisha akaanza kazi ya kuibembeleza ofisi ya fedha. Ashhurst angeelewa.

Mwaka 2014, usiku wa tarehe 20 Oktoba, polisi wa Chicago alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Aprili 2015 madiwani walipitisha malipo ya dola milioni 5 kwa familia yake kabla hata kesi haijafunguliwa. Video ya tukio ilikaa kabatini mpaka jaji alipoamuru itolewe, ikatoka Novemba. Fedha ya walipakodi ilikwisha kulipwa miezi saba kabla walipakodi hawajaona walichokilipia.

Mwaka huohuo wa 2015, tarehe 6 Mei, madiwani walewale walipitisha jambo lingine, tofauti na yote niliyoyaeleza. Walionusurika mikononi mwa Burge, pamoja na wanaharakati waliowapigania kwa miaka, walikuwa wamedai fidia isiyotoka mahakamani, kwa kuwa kwa wengi wao muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Mji ulitenga dola milioni 5.5, isiyozidi 100,000 kwa mtu. Kwa hesabu ya Chicago ni fedha ndogo. Lakini safari hii hundi ilikuja na maneno. Mji uliomba radhi rasmi. Uliahidi kituo cha ushauri nasaha upande wa kusini. Uliahidi kwamba wanafunzi wa darasa la nane na la kumi katika shule za umma watafundishwa habari ya Burge, na kwamba utajengwa mnara wa kumbukumbu.

Hundi zilitumwa Januari 2016, kwa watu 57. Kituo kikafunguliwa, somo likaanza kufundishwa. Burge alikuwa ametoka kifungoni, akaishi Florida kwa pensheni yake mpaka alipofariki Septemba 2018. Miaka mitano baada ya kura ile ya madiwani, mnara ulikuwa bado haujajengwa.